Muuzaji Mwenye Wivu na Santuri Zake

Njoroge, wewe uliyechukua jina langu,

Huku mtaani Landless sisi wazima, na cucu, nyanya yako, anakusalimia.

Unaniuliza mimi guka, babu yako niliyeishia darasa la nne, utamjuaje muuzaji mwaminifu wa santuri za jazi kwenye hiyo intaneti. Nakuonea wivu, unanunua ukiwa umekaa!

Cucu yako, akiwa msichana, alipenda kwenda kwa Rashidi, muuza santuri, kusikiliza saksafoni. Nikaona nami ninunue santuri nimvute. Muuzaji mmoja wa Ruiru akaniapia, "Mpya kabisa, ndugu!" Nilipomwalika cucu yako asikilize, ikalia kama mandazi kwenye mafuta. Alicheka mpaka akakaa chini.

Nikameza kiburi, nikamwendea Rashidi mwenyewe aniuzie moja. Akaishika kama baba anayemwoza binti yake. "Hapa ina mkwaruzo, itaruka. Na ukiiweka juani, bwana wee, nakuja kuichukua!"

Hiyo ililia vizuri.

Basi waulize hao wauzaji wako santuri ina kasoro gani. Anayesema haina, mwache. Anayeona uchungu kuiuza, huyo mlipe.

Cucu yako alinichagua mimi. Lakini hata leo nikimtaja Rashidi, anakitengeneza kitambaa chake kichwani.

Guka wako,
Njoroge wa kwanza