Jumamosi za Baba Yetu wa Miaka Sita

Mbumbuni, upande wa stoo za ndengu

Kwako dada yangu Mbithe, mama Ndanu,

Kabla ya yote ujue barua hii imeandikwa na mtu ambaye asipoamka, soko la Mbumbuni halifunguki. Si maringo. Ufunguo wa stoo kubwa ya ndengu ninao mimi, na malori ya Nairobi yakifika asubuhi yananingoja mimi, madereva wamesimama na kofia mkononi. Juzi upepo ulikuja ukainua gunia zima la ndengu kama karatasi, nikalidaka kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na kikombe cha chai na haikumwagika hata tone. Uliza mtu yeyote hapa.

Sasa nakusalimu. Hamjambo huko Migwani? Mgongo wako ulisikia ile dawa? Mvua imewafikia ama ni mawingu tu ya kuwaonyesha? Sisi huku tuko wazima, mimi na Mama Mwende, isipokuwa nyumba imenyamaza tangu watoto wako wawili wamalize likizo warudi kwenu. Huyu mke wangu bado anasonga ugali wa watu wanne, halafu anaangalia sahani kama mtu aliyesahau kitu.

Nimeandika kwa sababu nikikupigia simu na kufika kwa hayo maneno ya Desemba, unaniambia sufuria inaungua. Barua haina sufuria. Nitampa dereva wa lori la machungwa anayepitia kwenu akienda Mwingi, nimeshamwambia asiiache dukani, akuwekee mkononi.

Nimeelezwa yote. Ati Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi, Mulwa wako, na miaka yake sita, alitoa kiti nje, akakaa, akamwambia baba yake leo ni Jumamosi, kisha akafungua mkono. Na shemeji yangu, mzee wa kanisa, alikuwa na wageni wa kanisa hapo hapo wakinywa chai. Wakamuuliza mtoto Jumamosi kuna nini, akawajibu kwamba kule Mbumbuni Jumamosi baba hupewa chake. Wageni wakacheka, shemeji hakucheka. Na wewe ukasema hao watoto hawatakanyaga kwangu Desemba, kwa maana nimewafundisha kupenda pesa kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Mbithe, nimeshindwa kulala juu ya hayo maneno. Hebu nisikilize kwanza, halafu ukate shauri.

Mimi sikuleta jina la baba yetu kwa huyo mtoto. Ni wewe. Ulipomzaa ukamwita Mulwa, ukanipigia simu ukilia, ukaniambia, "Kilonzo, baba amerudi." Sasa akija kukaa kwangu likizo nzima, ulitaka nimfanye nini? Nimwambie baba yangu alete kuni? Nimpige kofi akimwaga uji? Mtu wa kwetu hapigi jina la babake. Hata Mama Mwende, ambaye hana mchezo, alikuwa anamwambia, "Mzee, tafadhali, toa miguu kwa kiti."

Basi Jumamosi ya kwanza, siku ya soko, nikasema watoto wapate kitu kidogo waonje soko. Nikamwita Mulwa mbele ya stoo, nikavua kofia, nikampa sarafu kwa mikono miwili vile baba hupewa, nikainama na kumwomba baraka. Wewe unakumbuka vile mzee wetu alikuwa akibariki, yale mate kidogo ya kupuliza kifuani. Nikamwonyesha. Huyu akavuta yote aliyokuwa nayo mdomoni, pamoja na ile barafu ya rangi aliyokuwa akiifyonza, akaniachilia. Shati ililoa mpaka ndani. Wale akina mama wanaopepeta ndengu waliacha kupepeta. Lakini nakwambia, siku hiyo tulipakia lori tatu kabla ya saa sita, na mimi sikutoa jasho.

Ndanu alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, ananipima na macho kama karani. Akaniuliza yeye ni nani. Nikamwambia yeye ana jina la mama yake shemeji, kwa hivyo kwangu ni mkwe, mtu wa heshima kubwa. Akafikiria kidogo.

"Na mkwe hupewa kidogo kuliko baba, mjomba?"

Mbithe, huyo msichana mpelekeni shule mpaka iishe. Nilimpa sawa na baba, nikamwongeza na ndizi ili asiendelee kuuliza.

Sasa unasema pesa imewaharibu. Ngoja nikwambie walifanya nini nayo. Ndanu alinunua kalamu na utepe wa nywele, na iliyobaki akampa Mama Mwende amtunzie, akimkumbusha kila jioni asije akaitumia. Mulwa alinunua peremende. Hakula zote. Alikaa mlangoni pa stoo juu ya magunia matupu, akawaita akina mama wa kupepeta mmoja mmoja, akawagawia, nao wakamwambia asante mzee. Mmoja alipoomba ya pili akamjibu kwamba angoje, kuna wengine hawajapata. Hayo sikumfundisha. Kwa baba yetu ndivyo ilivyokuwa, hata sukari guru ya kuvunjwa kwa jiwe lazima ifike kwa kila mtu.

Lakini najua wewe. Peremende hazitakutosha. Kwa hivyo nitakuambia jambo ambalo nilikuwa nimeapa halitatoka Mbumbuni.

Jumamosi ya mwisho kabla hawajarudi, tajiri wetu mwenye stoo alikuwa amesafiri na hakuacha mshahara. Kitu kama hicho hutokea hata kwa watu wakubwa. Mfukoni nilikuwa na ufunguo peke yake. Na kutoka asubuhi hao watoto walikuwa wameoga, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, wanangoja. Nikasema tumbo linaniuma, nikaenda kukaa nyuma ya stoo pale tunapoanika magunia. Nilipanga kukaa huko mpaka soko lifungwe.

Mulwa akanifuata. Alisimama mbele yangu. Akaniuliza kama ninalia, nikamwambia mwanamume wa kiasi changu hawezi kulia, ni vumbi la ndengu.

"Mama Mwende amesema huna pesa," akaniambia.

 Akaingiza mkono kwa soksi, unajua yeye huweka vitu vyake kwa soksi, akatoa shilingi kumi, akaishika mbele ya pua yangu.

"Shika. Mimi ndiye baba yako. Lakini usinunue barafu, utakohoa."

Nilipokea kwa mikono miwili. Akanipulizia kifuani, safari hii bila mate mengi, akaenda zake kucheza.

Hiyo sarafu sikuitumia. Niliifunga kwa kitambaa, nimeiweka ndani ya sanduku langu pamoja na kitambulisho, na siku nikifa itatolewa.

Huyo ndiye mtoto unayesema anapenda pesa. Aliyoweka wiki nzima alimpa mtu mzima aliyekuwa amejificha. Kama hapo kwenu alifungua mkono mbele ya wageni, mwambie shemeji ajaribu kuweka kitu ndani halafu aangalie kitaenda wapi. Na ukiona ni lazima, Desemba sitawapa pesa, nitawapa ndizi tu. Ila waache waje. Nimeshamwambia Mama Mwende asiuze yule jogoo mwekundu.

Nisalimie shemeji kwa heshima, umwambie sijamkosea mbele ya kanisa. Nisalimie mama yake shemeji, umwambie nimekaa na jina lake vizuri. Yule shangazi yetu wa Kwa Vonza akija kuwatembelea, mwambie mtoto wa ndugu yake ndiye anayefungua soko. Ndanu mwambie ile kalamu asiikopeshe mtu. Na baba yetu mwamkie asubuhi, kabla hajala, umwambie mtoto wake yuko mzima.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Kilonzo

Nilikuwa nimemaliza, lakini dereva bado anafunga turubai na karatasi imebaki. Mbithe, ile shilingi kumi haiko kwa sanduku. Mulwa alipopinda tu kona nilienda nikanunua barafu, ile nyekundu, nikaifyonza hapo hapo nyuma ya magunia. Ulimi ukashika rangi, ikabidi nikae huko mpaka jioni, na nilipoingia nyumbani nilikuwa nakohoa.