Bakuli la Mama Lenye Ukingo wa Buluu

Jumanne, 4 Machi

Kreti la kwanza la msimu limefika! Mama Gambuti, jirani wa shambani, amelileta mwenyewe, kwa miguu, gambuti zake zimegandwa na tope la shamba la Mama. Nyanya, matango, figili, letusi, karoti zenye majani yake, fungu la nanaa. Tangu tumzike Mama mwezi wa tisa, yeye ndiye anayelima pale, na mavuno tunagawana. Nilipoinusa ile nanaa mlangoni machozi yakanilenga. Mama Gambuti akajifanya anakung'uta viatu.

Nimeosha kila kitu, nimekausha, nimepanga kwenye friji. Imejaa hadi raha! Ni friji ya kwanza maishani mwangu, na bado naifungua bila sababu. Baba alikuwa kwenye kiti chake ananitazama. 

Jioni Baba kala vijiko vitatu vya uji.

Jumatano, 5 Machi

Kaka kanipigia simu kazini. Kazini! Nina gundi hadi viwikoni, vitabu mia mbili vya shule vinangoja majalada, na yeye anataka mazungumzo. Anasema anakuja Jumamosi ya wiki ijayo, na gari. Akikuta Baba bado hali, anamchukua akaishi nao. Wifi ni muuguzi, atamwangalia, si kama mimi ninayeshinda karakana ya vitabu kutwa. Maneno ya kweli. Ndiyo maana yaliniuma.

Nikamjibu: njoo tu, utamkuta kanenepa. Mdomo huu utaniponza.

Kwa Kaka ni safari ya siku nzima. Baba akienda huko harudi, najua. Nimemuuliza jioni kama anataka kwenda. Akasema atakwenda atakakopelekwa. Kama mzigo! Nikaingia jikoni nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Ijumaa, 7 Machi

Wazo! Baba hakuwa mtu wa uji wala wa supu. Chakula chake kilikuwa saladi ya Mama.

Alikuwa mkaguzi wa mizani. Kutwa anazunguka masokoni na sanduku lake la mawe ya kupimia, wauza nafaka wakimwona wanajikohoza. Mchana hakuja nyumbani, alipitiliza na baiskeli hadi shambani. Mama alikuwa amekaa mwisho wa tuta, bakuli la bati lenye ukingo wa buluu mapajani, anakatia humo humo, bila ubao, kisu kinaelekea dole gumba. Sisi watoto tulikuwa tunapiga kelele: utajikata! Hakujikata hata siku moja. Kitunguu anakifikicha na chumvi hadi kilie, anakamua, halafu nyanya, tango, limau, nanaa anaichanachana kwa vidole. Tunakula wote bakuli moja. Mama wa mwisho. Anaacha wengine wamalize, kisha anainua bakuli kwa mikono miwili anakunywa ule mchuzi uliobaki chini, anajifuta kwa kiwiko. Nilikuwa naona aibu, kumbe ndiye aliyejua utamu ulikokimbilia.

Bakuli nimelipata juu ya kabati, limebanduka rangi sehemu mbili. Nimetengeneza vilevile. Baba kaonja, kamumunya muda mrefu, kameza. Akasema asante mwanangu. Akaweka kijiko.

Asante! Ningependa anitukane.

Jumapili, 9 Machi

Leo tumecheka. Niandike kabla sijasahau.

Kaka alituachia mizani ya kupimia uzito safari iliyopita, ile ya kukanyaga. Nikambembeleza Baba apande. Kilo hamsini na moja. Akainama akaikagua, akaniambia nilete sukari. Nikaleta paketi zote, kilo tano. Akazipanga juu yake moja moja, miwani puani, uso umekuwa wa kazi kabisa. Akatoa hukumu: inapunja, karibu nusu kilo. Ingekuwa enzi zake angeifungia. Akasema mwambie kaka yako alipunjwa.

Nikacheka hadi nikakaa chini. Naye akatabasamu, kisha akaanza kusema, mwenyewe, bila kuulizwa. Ati katika ndoa yao yote ugomvi ulikuwa mmoja tu, vipimo. Yeye anauliza chumvi gramu ngapi, Mama anajibu kidogo. Kidogo ndiyo kiasi gani? Kidogo cha kutosha! Siku moja akachukua sanduku la serikali shambani ili apime chumvi ya Mama kwa siri. Mama akamwona, akamwagia limau kwenye mizani.

Hakuwa ameongea hivyo tangu mazishi.

Nikakimbilia friji, nikatengeneza saladi nyingine haraka kabla furaha haijapoa. Figili na karoti, na parachichi juu. Vijiko viwili. Basi.

Jumanne, 11 Machi

Nimekosa adabu kwa baba yangu. Naandika ili nione haya vizuri.

Kreti la pili limekuja asubuhi, zuri kuliko la kwanza. Nimeosha, nimeweka kwenye friji, nikaenda kazini. Jioni nikakata kwa mkono bila ubao, mtindo wa Mama. Nimejikata, bila shaka. Nikatenga. Baba akatia mdomoni kipande cha nyanya, akatikisa kichwa. Siyo hii, akasema.

Nikafoka. Basi niambie Mama alikuwa anatia nini! Miaka arobaini umekula, wewe mtu wa vipimo, hukuona alichotia?

Hakukasirika. Akasema hakutia kitu, mwanangu. Chumvi tu, na limau.

Nikatoka uani. Niliporudi nikamkuta amechukua nyanya nzima iliyobaki mezani, ameifumbata kwenye kiganja. Amekaa tu nayo. Muda wote wa taarifa ya habari aliishika ile nyanya. Nikajua anamwaza Mama. Sikumsumbua.

Alhamisi, 13 Machi

Siki. Asali. Ufuta uliokaangwa. Haradali ya kopo. Mwenzangu wa meza ya kushona vitabu kaniambia nijaribu machungwa, nikajaribu machungwa.

Baba kala biskuti moja.

Keshokutwa Jumamosi. Nimemtolea sanduku lake la safari, nikamfulia na mashati. Nikamwambia ni tahadhari tu. Akasema sawa.

Ijumaa, 14 Machi

Mjinga mimi! Mjinga mwenye friji!

Nimeomba ruhusa saa nne nikaenda shambani, kumwambia Mama Gambuti asilete mboga nyingi tena, nitabaki peke yangu. Nilikuwa sijakanyaga pale tangu mazishi, nilikuwa sitaki. Nimekuta matuta yamenyooka kama ya Mama, yule mwanamke katikati, mgongo wake umelowa jasho. Sikuwa nimemaliza hata salamu, akachuma nyanya, akaifuta kwenye gauni, akanipa. Ndivyo Mama alivyokuwa anapokea wageni. Nikaiuma.

Ya moto. Si ya moto ya jikoni. Imepigwa jua tangu asubuhi, na jua limo ndani yake, hadi kwenye mbegu. Maji yakanitiririka hadi kiwikoni na harufu ikanijaa puani, harufu ya jani lake na udongo, na mara moja nina miaka minane, mwisho wa tuta, baiskeli ya Baba inalia kengele njiani.

Nikalia pale pale. Mama Gambuti akaniacha nilie, akaendelea kuchuma.

Wiki nzima namlisha Baba barafu! Mboga zinatoka kwa Mama zikiwa hai, mimi naziosha nazigandisha, kisha naulizia siri. Na ile nyanya aliyoifumbata. Alikuwa anaipasha moto. Mkaguzi wa vipimo alikuwa anajua kilichopungua, hakutaka tu kunivunja moyo na friji yangu.

Nimerudi mikono mitupu, kwa makusudi. Kesho nachuma mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Saa tano na nusu niko shambani. Nimechuma nyanya saba, matango mawili, kitunguu, nanaa. Limau kwenye mti wa Mama Gambuti. Nimefunga kwenye kitambaa, nimekuja mbio kama mwizi.

Naandika kwa penseli, nimesimama jikoni. Wako barazani.

Kaka alifika mapema, kasafiri usiku kucha. Gari lake lilikuwa tayari uani nilipoingia, na sanduku la Baba liko mlangoni, Baba amevaa shati nililofua na amevaa viatu. Amekaa nje, barazani. Kaka kaniambia kwa upole, mdogo wangu, tusipoteze muda, njia ni ndefu. Nikamwambia dakika kumi. Nilipiga magoti sakafuni barazani, bakuli mapajani, sikuosha kitu, nilifuta tu. Kitunguu nikakifikicha hadi kikalia, nikalia nacho. Wifi hakuja, afadhali, angesema habari za vijidudu.

Nikamwekea Baba mbele.

Alionja kipande kimoja. Akaacha kutafuna. Nikafumba macho.

Nilipofumbua kijiko kilikuwa chini na anakula kwa mkono. Kwa mkono, Baba, mwenye miwani yake!  Akamvuta Kaka kwa shati akae, Kaka na suruali yake ya safari akakaa sakafuni, akachukua kipande, kisha kingine, na nikaona uso wake umebadilika, naye alikuwa anasikia ile kengele ya baiskeli. Tukala watatu bakuli moja.

Vikabaki vipande viwili vitatu na mchuzi. Baba akajifuta, akanisogezea bakuli. Akasema, "Hiyo ya mama yenu. Mfunikie, nzi wasiingie."



Kaka akanitazama. Nilijua anachofikiria, nami nilikuwa nakifikiria. Akamwinamia Baba, akamuuliza polepole kama mtu anayeongea na mtoto, "Baba, Mama yuko wapi?"

Baba akamtazama kwa juu ya miwani, kama alivyokuwa anawatazama wauza nafaka.

"Kwani wewe tulipomzika hukuwepo?" Kisha kwangu: "Mfunikie, nimesema."

Nikabeba bakuli nikaja huku. Nimelifunika na sahani. Mkono ulienda kwenye mlango wa friji wenyewe, kwa mazoea, nikaurudisha. Nimeliweka dirishani, pale jua linapofika.

Kaka amechukua sanduku pale mlangoni, ameingia nalo chumbani kwa Baba. Nasikia zipu. Ananiuliza kwa sauti, sauti ya mtu aliyelia, mashati haya ya Baba huwa yanakaa kabati lipi —