Mumeo Kakuwekea Matanga

Mama,

Shikamoo. Nimeandika hiyo salamu kisha nikakaa kama mjinga nasubiri marahaba, ndiyo maana barua imechelewa kuanza. Leo Ijumaa, nipo dukani, mapazia yamening'inia pande zote, na mvua imewafukuza wateja Kariakoo nzima. Nikasema acha nimwandikie mama, nimweleze alichofanya mumewe.

Ndiyo, mwanangu Issa. Tangu siku alipopewa jina la marehemu baba uliutangazia mtaa kwamba mume wako karudi kijana. Mimi, mwanao wa kunizaa, ukaniita baba mkwe. "Shikamoo baba mkwe," unaniamkia mbele ya wateja, wanakufa kwa kicheko, mimi sina pa kuweka uso! Mtoto kakua anajua kabisa kwamba ana mke, mke huyo ana miaka sabini, ana meno ya bandia, na hataki mchezo na mtu anayemsumbua mumewe.

Sasa kaanza shule, Mama. Ile chekechea ya chini ya ghorofa, karibu na Mnazi Mmoja. Jumatatu kavaa sare, kaptula imepita magoti, begi limemfunika mgongo wote. Zuhura, kama mama yeyote, alijiandaa kwa kilio cha mtoto, kaja na leso mbili. Mimi nikajiandaa kuwa mwanaume. Issa akafika getini, akamwamkia Mwalimu Rehema, akampa mkono, akaingia. Hakugeuka hata mara moja. Niliyebaki nimeshika nondo za geti ni mimi, mpaka mlinzi akaniuliza, "Mzee, na wewe unaandikishwa?"

Nilikukumbuka pale, nikakukumbuka vibaya. Ulimwahidi kwamba siku ya kwanza utampeleka wewe, eti mume hapelekwi shule na baba mkwe. Asubuhi yote nilikuwa naogopa aniulize uko wapi. Hakuuliza. Nami nikamshukuru Mungu kwa hilo, mpumbavu mimi.

Maana tulimdanganya, Mama. Nisamehe. Siku ile tulipokukimbiza hospitali alfajiri yeye alikuwa amelala. Mchana Dada Mwanaidi akaja akamchukua, akakaa naye kwake Magomeni mpaka matanga yakaanuliwa. Aliporudi nikamwambia bibi amesafiri, ameenda Lindi. Miezi mitatu hiyo. Zuhura kila mara ananiambia, mwambie mtoto, nami nasema bado mdogo, ataumia. Uongo juu ya uongo. Aliyekuwa hawezi ni mimi. Watu wakiniuliza najibu, "Mama hatunaye," au, "Mama katutangulia." Lile neno lenyewe sikuwahi kulitia mdomoni nikikutaja wewe.

Basi wiki ikaenda. Jumanne karudi na soksi ya mtu mwingine mguu mmoja, na hataki kuitoa, anasema wamebadilishana, ni rafiki yake. Jumatano katupanga foleni mimi na mama yake ya kunawa mikono, katika nyumba yenye bomba moja na watu watatu. Zuhura alitaka kusukuma akaambiwa arudi nyuma.

Jana Alhamisi, kama saa nne hivi, simu ya Mwalimu Rehema. "Baba Issa, njoo mara moja. Hapana, haumwi. Njoo tu uone." Sikufunga hata duka vizuri, nilimwachia jirani. Nilikatiza Mnazi Mmoja mbio, futi ya kupimia mapazia bado iko shingoni, watu wananipisha.

Mwalimu akanisimamisha pembeni ya dirisha. "Usiingie kwanza," akaninong'oneza. "Tuliwaachia muda wa kucheza. Hakuna mtu mzima aliyewaelekeza."

Mama, walikuwa wameweka msiba.

Nje ya mlango wa darasa wamepanga vile viti vyao vidogo, wavulana wamekaa, wamekunja nne, wanaongea mpira kwa sauti ya chini. Wallahi tena, mpira! Kama sisi wenyewe. Juu yao shuka la kulalia limefungwa kwenye nondo za dirisha, ndilo turubai. Ndani mikeka imetandikwa, wasichana wamenyoosha miguu, masweta wamejitanda kichwani badala ya kanga. Mmoja anapita na ndoo tupu anauliza nani hajapata chakula, na anawagombeza wanaotaka kula mara mbili. Mwingine kashika chupa ya maji, anaongea humo: "Matangazo, matangazo! Basi la makaburini lipo tayari, wanawake wabaki." Kona hii wanasoma Fatiha, wanapokwama wanaitikia amina. Kona ile mtoto kaanzisha pambio la kanisani kwao, na wenzake wanampigia makofi polepole. Hakuna aliyemwambia mwenzake unakosea. Kuna kabinti kanaitwa Diya, kanatoka Upanga, wazazi wake Wahindu. Kakasimama kakasema kwao msibani watu wanavaa nyeupe. Kakavua sweta lake la bluu, kakabaki na shati jeupe la sare. Wenzake wakatazamana. Kisha mmoja mmoja wakayavua, walioyatanda na walioyavaa, darasa zima likawa jeupe.

Watoto wa miaka minne, mitano, Mama! Nani aliwafundisha? Sisi tunaongea juu ya vichwa vyao, tunasema hawaelewi, kumbe wako pale chini magotini kwetu wanaona kila kitu: nani analia, nani anagawa chakula, nani anajifanya hana habari. Nimezika watu wengi hapa mjini, na sijaona msiba uliotulia kama ule.

Na mfiwa ni nani? Issa. Kakaa katikati ya wanaume, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Wanapita kwa foleni kumpa mkono.

"Pole."

"Nimeshapoa."

"Pole sana, Issa."

"Ni kazi ya Mungu."

Mwalimu akaniambia alikuwa amemwita pembeni kabla sijafika, akamuuliza nani amekufa. Akajibu, "Mke wangu." Mwalimu anaujua utani wa bibi na mjukuu, hakucheka. Akamuuliza nani kakwambia. "Hakuna." Sasa umejuaje? Mtoto akamshangaa. "Meno yake yapo kabatini. Mke wangu hawezi kusafiri bila meno. Atakula nini?"

Yale meno yako, Mama. Nilishindwa kuyatupa, nikayatia kwenye glasi, nikayaficha nyuma ya sahani za wageni. Sikukumbuka kwamba kikombe cha Issa kinakaa kabati hilohilo. Kila asubuhi kafungua, kayaona, kachukua kikombe chake, kafunga, kanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha kifo chenyewe, nikaumbuliwa na mtoto wa chekechea.

Sikujua nifanye nini, basi nikaingia kwenye foleni. Mbele yangu kitoto kina kamasi, nyuma yangu yule wa matangazo. Zamu yangu ikafika. Nikampa mkono mwanangu. Kanitazama. Hakushangaa kuniona, kana kwamba alijua tu kwamba mtu kama mimi lazima atatokea. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasogea pembeni ya kiti chake, akaacha kanafasi ka nusu tako.

"Kaa, Baba," akasema. "Na wewe umefiwa."

Nikakaa. Mama, nililia. Siku ya mazishi yako nilikuwa na sanda, na turubai, na wageni wa kutoka Lindi, na kila anayepita ananiambia jikaze, wewe ndiye mwanaume wa nyumba. Nikajikaza miezi mitatu. Jana nikakalia nusu ya kiti cha mtoto, magoti yamenifika kidevuni, nikalia kwa sauti mbele ya darasa zima, na hakuna aliyeniambia jikaze. Yule wa matangazo akaiweka chini chupa yake. Diya akaniletea maji ya kweli, kwenye kikombe cha plastiki. Issa akawa ananipigapiga mgongoni taratibu, kwa vile vidole vyake vya ukoko wa uji.

Tuliondoka pamoja saa sita. Katikati ya uwanja wa Mnazi Mmoja nikasimama, nikachuchumaa, nikamwambia, "Issa, bibi yako amekufa." Hivyo hivyo. Ardhi haikupasuka. Akaniuliza, "Tulimzika wapi?"

Kasema tulimzika, Mama. Mtoto tuliyemfungia Magomeni.

Kwa hiyo kesho tunakuja. Nitamwonyesha mahali ulipo, nitamwacha akae anavyotaka kukaa, na akitaka kurudi tena nitamleta tena. Nakuahidi sitamsafirisha mtu mwingine yeyote ambaye Mungu kamchukua, na jambo likiwa zito kwangu sitamsingizia mtoto kwamba ni zito kwake. Tena nitamwacha yeye atangulie kukusalimia, kwa sababu kwenye msiba huu yeye ndiye mkubwa wangu.

Pumzika, Mama. Umekufa. Nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, na wewe bado ni mama yangu.

Mwanao,
Selemani