Hema Kwenye Mto Mkavu

Wambui mjukuu wangu,

Hapa mtaani Jericho tu wazima, na magoti ya shosho, bibi yako, yametulia. Umeuliza kama kweli nikiwa kijana nilienda jangwani kwa pikipiki peke yangu.

Njiani, mlimani, mvua ilinilowesha. Kesho yake nikafika jangwani, nikapiga hema ndani ya mto mkavu, maana mchanga ulikuwa laini kama godoro. Nikaenda kutafuta kuni. Kurudi, hema hakuna! Akina mama wawili wafugaji walikuwa wakiliburuta kuelekea ukingoni. Nikawakimbilia nikipiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" kama niko sokoni Gikomba.

Kufika juu ya ukingo, nikasikia ngurumo, na mbinguni hakuna hata wingu. Maji ya ile mvua ya mlimani yakapita pale nilipokuwa nimetandika, yamebeba miti mizima. Nikawageukia wale mama niliowaita wezi, nikawashukuru.

Peke yangu? Hapa Jericho niliondoka peke yangu.

Guka