Aliyejibu Karibu

Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.
12 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Aikande,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje na baridi ya huko Machame? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia. Barua hii anakuletea Edgar mkononi. Sikutaka kupiga simu. Ukuta wa chumba changu ni mwembamba, na habari zenyewe ni za jirani.

Unajua kazi yangu ya ukarani ofisi ya mtaa. Mwezi uliopita nilipita nyumba kwa nyumba kuandikisha wakazi. Kwa jirani yangu, Mama Farhan, geti lilikuwa na kufuli kwa nje. Nikabisha hodi mara mbili, kimya. Hodi ya tatu, sauti ya mtoto ikajibu taratibu, "Karibu."

Mama Farhan aliporudi nilimuuliza. "Mtoto gani? Nyumba yangu ina mwangwi, mwanangu." Nilipomsimulia bosi wangu, Bwana Romani, akacheka: "We Mchaga umekuja pwani juzi tu, ushaanza kusikia majini!"

Lakini shangazi, mwangwi hurudisha hodi. Hausemi karibu.

Sheria ya Mtoto iko kabatini ofisini kwetu. Inataka anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Haisemi karani aliyeogopa afanyeje. Mwishowe nikapiga 116, namba ya bure ya watoto.

Jana afisa ustawi wa jamii alikuja na askari wa kike, nikaongozana nao. Stoo ya nyuma tulimkuta Farida, binti wa miaka kama kumi, aliyetolewa Lindi kwa ahadi ya shule. Shule hajaiona, anafua na kupika tu. Nikamwambia alifanya vizuri kunijibu.

"Si mie," akasema. "Mie nilikatazwa hata kukohoa. Anajibuga yule dada wa kazi wa kwanza."

"Yuko wapi?"

"Simuonagi."

Afisa akaacha kuandika. Walipekua kila chumba, hata tangi la maji, hawakuona mtu. Farida sasa yuko nyumba salama. Mama Farhan yuko kituoni, na anashikilia kwamba yule dada wa kazi wa kwanza alimpandisha basi mwaka jana, arudi kwao Machame. Anaitwa Anasia, ana miaka kumi na mitatu.

Ndiyo maana nakuandikia. Tafadhali uliza usharikani, uliza na sokoni. Ukiambiwa yupo, usitosheke. Mwone kwa macho yako. Askari wanasubiri jibu lako.

Leo asubuhi nilipita pale nikienda kazini. Geti limefungwa na polisi, ndani hakuna mtu. Sikubisha hodi, shangazi. Nilikohoa tu.

"Karibu," ile sauti ikasema.

Nisalimie bibi na Albano. Mungu awafunike nyote. Siku ukija kwangu, usibishe hodi. Niite kwa jina.

Mwanao anayekupenda na kukuhitaji,
Eliaichi