Kitambulisho Alichoniachia Mzee Saidi

Gisenyi, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ile ya Idi ambayo sikuja kukupa mwenyewe. Miguu inaendeleaje? Kama bado inavimba, acha kukaa juu ya lile jiwe ukiuza mawese kutwa nzima. Mwambie Yasini akutengenezee kiti cha maana, au mikono yake ni ya kuchezea karata tu? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea, nalala na sweta na soksi kama mgonjwa, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa hili, nawala, ingawa kila wakikaangwa nakumbuka dagaa wako na nyumbani kunaniita.

Mama, nina jambo, na jambo lenyewe linataka mtu mzima wa kunisemea. Huku sina. Soma mpaka mwisho kwanza, usianze kunigombeza katikati.

Mzee Saidi unamfahamu kwa barua zangu. Ndiye fundi cherehani mwenye nyumba ninayopanga chumba cha uani, mume wa Bi Zena anayeniletea sahani ya wali kila Ijumaa. Nilipofika hapa kutoka huko na begi moja, nikiongea Kinyarwanda cha kuokotea ambacho watoto walikuwa wakikicheka, yeye ndiye aliyeniita mwanawe kabla hajalijua jina langu. "Mwana yangu," basi, tangu siku hiyo. Nikienda kazini: mwana yangu, funga shingo, iko baridi. Nikirudi: mwana yangu, umekula?

Ijumaa kabla ya hii iliyopita alikuja benki, akapanga foleni kwenye dirisha langu. Nilifurahi kumwona, maana yeye si mtu wa benki, fedha zake anazijua Bi Zena na godoro. Alinisalimia, akanipa hundi pamoja na kitambulisho chake. Mimi nikampa jetoni, kile kisahani cha shaba chenye namba ambacho mteja hukishika mpaka aitwe. Ndivyo tunavyofanya: hundi inakwenda nyuma kukaguliwa, mteja anakaa kwenye benchi.

Hundi hiyo haikufika nyuma. Chini ya meza yangu kuna karatasi iliyobandikwa, yenye namba za hundi zilizoibwa, na nilipoitazama namba, ilikuwa ni hiyo hiyo. Ilitoka kwenye kitabu cha mfanyabiashara mmoja wa viazi wa Mahoko. Gari lake lilishambuliwa njiani, kitabu kikaporwa, na dereva wake hakupona. Unaijua hali ya huku, Mama, redio inawafikia. Mtu mwenye hundi ile hataulizwa habari za wizi tu. Ataulizwa habari za yule dereva.

Nikaenda kwa mkubwa wangu, Bwana Faustin, nikijifanya natafuta mhuri. Alitazama mara moja tu, akafunga mlango.

"Bon," akasema, naye kama wengi huku hundi huiita sheki na kitambulisho carte. "Sheki usimurudishie, na carte yake ibaki kwako. Usimwambie kitu. Kama anataka kutoka, usimuzuie. Endelea na wengine, na ucheke kidogo."

Ndivyo tulivyofundishwa, na sisemi ni ubaya. Hupigi kelele, humkamati mtu, hubishani naye, kwa sababu hujui ana nini ndani ya koti na nyuma yake kuna watu wenye watoto mgongoni. Unasema hundi inakaguliwa. Unamtazama vizuri ili uweze kueleza sura na nguo zake. Hayo mengine ni ya askari, ambao hapa huitwa majandarme. Lakini walionifundisha hawakusema la kufanya kama sura unaiamkia kila asubuhi na nguo unaziona zikianikwa uani kila Jumatatu.

Simu ilikuwa imekufa tena, basi mlinzi akatumwa kwa miguu kuwaita. Nikarudi dirishani.

"Muzee, bado kidogo, wanakagua," nikamwambia. Akatabasamu, akasema haiko shida, akaenda kukaa.

Mama, sitakuficha. Nilimdhania. Nilipokuwa nikiwahesabia wengine fedha, nilikuwa nikijiuliza huyu mzee namjua kwa lipi hasa, kwa wali wa Ijumaa? Faustin alinipitia nyuma akaninong'oneza kwamba ndevu nyeupe ndiyo kofia nzuri kuliko zote kwa mwizi. Nikamchukia kwa neno lile, na bado likaniingia. Kila nikiinua macho, Mzee Saidi alikuwa akinitazama kwa furaha, kama mzazi aliyekuja kumwona mtoto wake akicheza ngoma ya shule.

Adhana ikasikika. Akainuka, akaja dirishani na jetoni yake.

"Mwana yangu, mi naenda kusali, nitarudi. Carte yangu ibaki kwako. Na ile kijana iko inje, iko mugeni, nitaenda naye. Haiko vizuri kumuacha peke yake na njaa."

Nikamuuliza kijana gani. Hapo ndipo nikaelewa. Kijana alimkuta kibarazani kwenye cherehani, akajitambulisha kuwa ni Hamisi, mfanyabiashara anayevuka kila siku kutoka Goma. Alikuwa na hundi halali ya viazi vyake, alisema, ila kitambulisho chake kimebaki kizuizini mpakani. Hapa wavukaji huacha vitambulisho vyao kizuizini asubuhi na kuvichukua jioni, na hakuna mtu wa mji huu ambaye hajawahi kukwama hivyo. Kwa hiyo watu huazimana. Leo unanitolea wewe, kesho nakutolea mimi, hata jirani wa mtaa wa Nengo mwenye gari hufanya hivyo. Mzee Saidi alikuwa ametoa jina lake na kitambulisho chake kwa kijana asiyemjua, kama vile unavyompa jirani chumvi.

Nilitaka kumwambia. Neno lilikuwa tayari mdomoni: Mzee, usirudi, au, Mzee, mwache huyo. Faustin alikuwa amesimama karibu nami kiasi cha kusikia pumzi yake. Nikasema, "Sawa, Muzee, uniombee na mimi." Nikacheka kidogo, kama nilivyoagizwa.

Majandarme waliingia kwa mlango wa nyuma Mzee akiwa msikitini. Walikuwa watatu. Mkubwa wao akauliza mwenye kitambulisho yuko wapi, nikamwambia. Akaanza kuwapanga wenzake wakasimame mlango wa msikiti wamchukue akitoka. Nikawaza: Ijumaa, mbele ya mji mzima, akiwa amefungwa mikono nyuma, na habari ya dereva wa Mahoko juu yake. Siku hizi mtu akichukuliwa hivyo mchana, kabla ya jua kuzama midomo ya watu imeshamzika. Hata akirudi mzima, nguo nani atampa ashone?

Sijui nilipata wapi sauti. Nikamwambia mkubwa wao kwamba atarudi mwenyewe, na kwamba mwenye hundi ni kijana aliye pamoja naye. Wakitokea na bunduki pale, kijana atapotelea kwenye umati, na mpaka ni mwendo wa kutembea tu.

"Na asiporudi?" akauliza.

"Ameniachia kitambulisho. Atarudi."

"Asiporudi, tutakwenda na wewe."

Faustin alitazama ukuta. Wakakaa ofisini kwake, mlango wazi kidogo, nami nikarudi dirishani kuhudumia watu. Mama mmoja alinirudishia noti, nilikuwa nimempa zaidi. Nilikuwa nikisoma Ayatul Kursiy na kuikosea, naanza upya, naikosea. Sikujua tena naogopa nini zaidi: kwamba hatarudi, au kwamba atarudi.

Alirudi. Aliingia amemshika yule kijana mkono, Mama, kama anavyoshikwa mtoto wa kupelekwa kutahiriwa. Baadaye alieleza kwamba kijana alikataa kwanza, akasema atasubiri nje, na yeye akamwambia mgeni haachwi mlangoni siku ya Ijumaa. Kijana, kwa kuwa alishajiita Hamisi, hakuwa na pa kutokea. Kwenye birika la udhu alikuwa akiibia kwa jicho miguu ya jirani yake ili ajue kinachofuata. Mzee aliliona hilo. Akadhani ni yatima wa vita hivi aliyekosa mtu wa kumfundisha, akamhurumia zaidi, akakaza mkono.

Majandarme walipotoka ofisini kijana alijaribu kuchomoka, wakamlaza chini. Hakuwa na silaha, alikuwa na karatasi mbili nyingine za kitabu kile kile ndani ya soksi. Mzee Saidi hakuelewa kabisa. Alijiweka kati yao na yule kijana, kofia imeanguka.

"Mumuache, iko mugeni wangu," akawa anawaambia. "Kama iko shida, muniulize mimi. Ile carte ni yangu."

Wakamweleza, na kumweleza kwenyewe kulichukua muda. Aliposikia habari ya dereva alikaa kwenye benchi. Kisha akainua macho akanitazama mimi, wala si wao.

"Mwana yangu, we ulijua toka wakati gani?"

Nikasema toka aliponipa hundi.

"Nikikuaga kwenda kusali, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Muzee."

Akatikisa kichwa polepole. Akaitoa jetoni mfukoni, akaifuta kwa kanzu, akaiweka mbele yangu, kwa sababu ni mali ya benki. Wakaenda naye kuandika maelezo. Jioni walimwachia, na nashukuru Mungu hakuguswa. Kijana sijui mwisho wake, na simwombei mabaya. Kitambulisho cha Mzee kimezuiwa kuwa ushahidi, na bila hicho hawezi kuvuka kwenda Goma kumtazama binti yake aliyejifungua.

Benki wamenisifu. Faustin ananipisha njia mlangoni. Na Mama, wali ulikuja Ijumaa hii kama kawaida, sahani ile ile, na nyama juu. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenuna. Ila asubuhi nikipita kibarazani, Mzee Saidi anaacha cherehani, anainuka kidogo kwa heshima, na kusema, "Bonjour, madame."

Kila siku. Madame, kama wateja wanavyoniita dirishani. Najua nilifanya kazi yangu, na nikirudishwa pale nitafanya vile vile, kwa sababu ningemwonya yeye, kijana angekimbia na Mzee ndiye angebaki na kesi. Nimejieleza hivyo mara nyingi na bado nalia nikioga. Kumwendea mwenyewe siwezi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtoto haombi radhi kwa mkubwa kwa mdomo wake, hutafutiwa mtu mzima. Basi nakuomba umwandikie, mzazi kwa mzazi. Usinitetee sana, wala usimweleze mambo ya benki, ameshaelezwa ya kutosha. Mwambie tu kwamba una binti huku, na kwamba unamwomba akulelee.

Msalimie Yasini, na asipotengeneza kiti nitajua. Msalimie shangazi mpika maandazi, na bibi wa nyumba ya jirani anayenidai kanga, mwambie sijaisahau. Babu mwadhini msomee kile kipande cha birika la udhu, atacheka, halafu hatacheka.

Barua ya Mzee Saidi ifunge peke yake, nitampelekea kwa mkono wangu.

Ni mimi mwanao, na kwa sasa ni wewe tu unayeniita hivyo,

Mwamvua