Mchonga Mihuri Aliyekataa Kubonyeza

Kosa la wengi wanaohamia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ni kudhani kwamba wameagana na neno la siri. Wamesikia mfumo huu haushikwi na virusi, basi wanaiacha kompyuta wazi kama uwanja wa mpira. Barua ya wiki hii imetoka kwa mama anayechonga mihuri, nami nimeisoma mara mbili nikitabasamu.

*

Mshauri wetu, shikamoo. Nina jambo limenikaa kifuani na sioni wa kuniamulia ila wewe. Mimi nachonga mihuri ya mpira, kazi niliyoirithi kwa shangazi, na michoro yangu ya miaka kumi na mmoja, ya zahanati, shule na mawakili, yote imo kwenye kompyuta moja kuukuu ambayo wifi yangu aliiwekea Linux ilipokuwa inakata roho, ikafufuka, ikawa nyepesi ajabu, ila printa ikagoma, na bila printa siwezi kuhamishia mchoro kwenye mpira, na zahanati ilikuwa inasubiri mihuri sita kesho yake. Nikauliza kwenye kundi la mtandaoni, mtu anayejiita Daktari wa Mashine akatuma mstari mmoja mrefu, akasema nakili, bandika kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri, bonyeza, umemaliza. Jirani yangu anayejalidi vitabu alikuwa na shida hiyohiyo, akabandika bila kupepesa jicho.

Sasa mshauri, muhuri huchongwa kinyume, kwa hiyo nimezoea kukagua kila maandishi kuanzia mwisho, herufi kwa herufi, na mwishoni mwa mstari ule nikakuta sudo, neno ambalo wifi alinieleza kwamba huipa amri mamlaka yote ya mwenye mashine, kisha nikakuta anwani ya tarakimu tupu, haina jina la kampuni wala la mtu. Nikasita. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Bonyeza tu, mke wangu! Unausoma kama mkataba wa ndoa."

"Ule sikuusoma, ndiyo maana huu nausoma."

Nikaufuta. Nikafungua duka la programu lililomo ndani ya Linux yenyewe, nikaandika aina ya printa yangu, programu yake ikajitokeza, na baada ya robo saa karatasi ikatoka safi, na mihuri sita ikafika zahanati kwa wakati! Asubuhi yake jirani akaja analia, mafaili yake yote yamefungwa na mtu asiyemjua anadai alipwe. Lakini mume wangu anasema nilibahatisha tu, na anataka niondoe neno la siri ili naye atumie kompyuta, akisema nikikataa ni kwamba simwamini. Tena nikiri, neno lenyewe ni jina la duka, nimelibandika kwa selotepu pembeni ya kioo cha kompyuta. Je, nilibahatisha? Na nimkubalie?

*

Binti yangu, marahaba, na hongera! Hukubahatisha hata kidogo. Watu waliosoma kompyuta miaka minne huubandika mstari kama ule huku wanatafuna karanga. Wewe uliuliza maswali mawili ya maana: mstari huu unatoka wapi, na unataka mamlaka gani? Virusi vya Linux ni vichache, si kwamba havipo, lakini mwizi wa siku hizi hahitaji kirusi. Anahitaji mwenye mashine aandike neno lake la siri kwa mkono wake mwenyewe, kisha aingie kama mgeni aliyealikwa.

Ila hiyo selotepu! Umemshinda tapeli wa mtandaoni, halafu kila mteja anayeinama kutia sahihi anasoma ufunguo wako. Ibandue. Chagua maneno manne yasiyohusiana, unayoweza kuyakumbuka, jina la duka lisiwemo. Mashine ikikuambia kuna masasisho, usiiambie ingoje kesho; hayo ndiyo yanayoziba matundu. Michoro yako nayo iwe na nakala kwenye diski ya nje, unayoichomoa ukimaliza kunakili. Na jirani asilipe: akate intaneti, ampelekee wifi yako mashine, abadilishe maneno yake ya siri yote akiwa kwenye kompyuta nyingine.

Sasa mumeo. Neno la siri haliondolewi, na hilo halina uhusiano wowote na mapenzi. Linux iliundwa tangu mwanzo itumiwe na watu wengi, kila mmoja na akaunti yake: anaingia kwa neno lake, ana meza yake, hawezi kugusa michoro yako wala kuongeza programu bila wewe. Akikosea, anajimwagia chai mwenyewe tu. Hata mimi, mwenye mvi hizi, kazi za kila siku nazifanya kwa akaunti ya kawaida, kwa sababu simwamini huyu mzee akiwa amechoka. Mwambie hivyo, atacheka.

Leo, fungua mipangilio ya watumiaji na umfungulie mumeo akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi, kisha umpishe kiti achague neno lake mwenyewe la siri.